Uraia Ukingoni mwa Ziwa: Habari za Sheria, Hati na Mawakili katika Nchi ya Uvira

Wazee wametuachia neno hili: mali bila daftari hupotea bila habari. Walilisema kwa ajili ya wafanyabiashara, wapate kuandika deni na faida. Lakini sisi tukaao pwani ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, toka Kavimvira mpaka Baraka, twaona kwamba neno hili lawahusu hata watu. Mtu asiyeandikwa mahali popote naye aweza kupotea bila habari. Huyu akatazwa kupiga kura, yule akakosa pasipoti. Mwingine aambiwa kwamba kijiji alikozaliwa si kwao.

Ndiyo maana wakristu wengi huwajia makatekista wao kuomba msaada katika mambo ya hati. Huyu ataka cheti cha ubatizo cha marehemu baba yake. Yule ana mtoto ng'ambo, naye ataka kujua viza huombwaje. Mwingine auliza kama yafaa kumlipa wakili, au kama yule kijana akaaye na mashine ya kuandikia nje ya ofisi atatosha. Haya ni maswali ya haki, wala si ya udadisi. Basi, wasomaji wapenzi, yafaa tujue kwanza jambo hili limetoka wapi, kwani asiyejua chanzo cha ugonjwa hutafuta dawa gizani.

Zamani mto haukuwa mpaka

Waingereza wawili, Burton na Speke, walipofika Uvira mwezi wa Aprili 1858, waliikuta ndiyo bandari ya mwisho ya wafanyabiashara wa Ujiji upande wa kaskazini. Miaka 13 baadaye, Novemba 1871, Livingstone na Stanley wakaja kwa mtumbwi mpaka mdomo wa Ruzizi, wakahakikisha kwamba mto huo waingia ziwani, hautoki. Wageni hao walitaka kujua mto wakwenda wapi. Hawakuuliza mto wagawa watu gani, kwa sababu haukugawa watu.

Ukingoni walikaa Wavira. Bondeni na milimani walikaa Wafulero. Warundi walilima na kuchunga pande zote mbili za Ruzizi. Kusini, katika nchi ya Fizi, walikuwako Wabembe, na kwenye rasi ya Ubwari wavuvi na mabaharia wa ziwa. Juu kabisa, kwenye majani ya Itombwe, walipanda wachungaji wenye kusema lugha ya jamaa moja na Kinyarwanda, ambao baadaye waliitwa Wanyamulenge. Wanahistoria wengi husema kwamba wazee wa hao walifika katika karne ya 19 au kabla yake, yaani kabla mipaka haijachorwa.

Je, wakati ule mtu alijulikanaje kuwa wa hapa? Alijulikana kwa mwami aliyemtambua na kwa shamba alilopewa. Alijulikana pia kwa zawadi aliyopeleka wakati wa mavuno, na kwa jirani waliokunywa naye pombe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe hilo ndilo lililokuwa hati yake. Hatusemi kwamba palikuwa na amani siku zote: vita vilikuwako, na biashara ya watumwa ilileta machozi mengi pwani hii. Lakini hakuna aliyeulizwa babu yake alikuwa wapi tarehe fulani ya mwaka fulani.

Mpaka na kibuku

Mwaka 1885 Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji ilitambuliwa na mataifa ya Ulaya. Huku kwetu Wabelgiji na Wadachi walishindana juu ya Ruzizi na Ziwa Kivu, mpaka walipopatana mwaka 1910. Hapo ndipo Ruzizi ulipokuwa mpaka kwa mkataba, na ndugu waliokuwa ng'ambo wakawa watu wa serikali nyingine. Hawakuhama wao. Mpaka ndio uliohama.

Sheria ya kwanza juu ya uraia wa Kongo ilitolewa tarehe 27 Desemba 1892. Kisha, kwa sheria ya tarehe 18 Oktoba 1908, Ubelgiji ulijiwekea namna ya kuitawala nchi hii, ukaipokea kutoka mkononi mwa mfalme mwezi uliofuata. Msomaji aikumbuke tarehe hiyo ya 18 Oktoba 1908, kwani tutaikuta tena.

Chini ya Wabelgiji Mwafrika alihesabiwa kuwa chini ya taji la Ubelgiji, lakini hakuwa na haki za Mbelgiji. Alikuwa na kibuku chake cha kazi na kodi, na akitaka kuhama wilaya yake kwa muda mrefu alipaswa kupata ruhusa iliyoandikwa. Mwaka 1948 ilianzishwa kadi ya sifa njema kwa waliosoma, na mwaka 1952 njia ya kuandikishwa karibu sawa na Wazungu. Waliopata walikuwa wachache sana. Hivyo watu wetu walizoea kuiona hati kama kitu cha kuwazuia njiani. Hawakufundishwa kwamba yaweza pia kuwa silaha ya kutetea haki yao.

Baada ya vita ya 1914-1918 Ubelgiji ulikabidhiwa pia Ruanda na Urundi, na sheria ya tarehe 21 Agosti 1925 ikaziunganisha nchi hizo na Kongo katika utawala. Watu walivuka huku na huku kutafuta kazi, malisho na mashamba. Wengine waliletwa na serikali yenyewe kufanya kazi Kivu. Lakini kwa sheria nchi zilibaki mbili. Shamba lilikuwa moja, daftari zilikuwa mbili. Hapo mbegu ya taabu ilipandwa.

Mstari uliohamishwa

Uhuru ulipokaribia, sheria ya uchaguzi ya mwezi wa Machi 1960 iliwapa kura hata watu wa Ruanda-Urundi waliokaa Kongo miaka 10. Basi walipiga kura. Je, kupiga kura kuliwafanya kuwa raia? Sheria haikusema waziwazi.

Katiba iliyotiwa nguvu tarehe 1 Agosti 1964, iitwayo Katiba ya Luluabourg, ilijibu hivi: Mkongo ni yule ambaye mmoja wa wazee wake alikuwa wa kabila, au sehemu ya kabila, iliyokaa katika nchi ya Kongo kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908. Mwezi wa Machi 1971 amri nyingine ikawapa uraia wote waliotoka Ruanda-Urundi waliokuwako nchini tarehe 30 Juni 1960. Haukupita mwaka mmoja, sheria ya tarehe 5 Januari 1972 ikasema: hapana, ni wale waliokaa Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Ikaja sheria ya tarehe 29 Juni 1981, ikafuta yote hayo na kurudisha mstari nyuma mpaka tarehe 1 Agosti 1885.

Tuchukue mfano. Mzee mmoja alivuka Ruzizi toka Urundi mwaka 1930, akapewa shamba, akaoa hapa, akazaa, akazikwa hapa. Kwa sheria ya 1972, wanawe ni raia wa Zaire. Kwa sheria ya 1981 wanawe wale wale, katika nyumba ile ile, si raia tena. Na kwa katiba ya 1964? Hapo mawakili wabishana. Mmoja atasema: alikuja baada ya 1908, basi hayumo. Mwingine atajibu: katiba haikuuliza mtu alikuja lini, iliuliza kama kabila lake, au sehemu yake, lilikuwako, na Warundi wa bondeni walikuwako. Waona, msomaji, jinsi neno moja la sheria lilivyo na uzito. Nyumba nzima yaweza kusimama juu yake au kuanguka.

Twafikiri kosa kubwa la sheria hizo ni hili: zilimdai aliye hai awashuhudie wafu. Nani katika milima yetu ana hati ya mwaka 1885? Si Mnyamulenge peke yake asiye nayo. Mbembe hanayo, Mfulero hanayo, Mvira hanayo. Tofauti ilikuwa kwamba mmoja aliulizwa, na mwingine hakuulizwa. Nalo swali ambalo kila mtu angeshindwa kulijibu, lakini laulizwa kwa baadhi tu, si swali la haki.

Matunda yake

Hatutaki kuamsha uchungu, lakini historia isiyotaja majeraha si historia. Tarehe 28 Aprili 1995 bunge la mpito la Zaire lilipitisha azimio juu ya watu wenye asili ya Rwanda na Burundi, likiwahesabu kuwa wageni wanaopaswa kurudishwa. Mwezi wa Oktoba 1996 Wanyamulenge waliamriwa waondoke Kivu ya Kusini kwa siku chache, na kabla mwezi haujaisha Uvira ilikuwa imetekwa vitani. Vita hiyo na ile iliyoifuata mwaka 1998 ziliwaua watu wa kila kabila la nchi hii. Wafulero na Wabembe walizika watu wao, Wanyamulenge walizika wao, na wakimbizi wa Burundi na Rwanda waliokuwa makambini walikufa njiani porini. Tarehe 13 Agosti 2004, huko Gatumba, ng'ambo ya mpaka wetu, wakimbizi wa Kongo zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge, waliuawa usiku katika kambi yao.

Hatusemi kwamba sheria ya uraia peke yake ndiyo iliyoleta hayo. Ardhi, tamaa ya utawala, na vita za nchi jirani zilikuwamo. Lakini mtu akiisha kuambiwa kwamba si wa hapa, ni rahisi mwenye silaha kumfukuza, na ni rahisi pia mtu huyo kushika silaha.

Na tazama jinsi ziwa linavyogeuza watu. Mwaka 1972 Warundi walikimbia mauaji nchini mwao, wakaja Uvira na Fizi, nasi tulikuwa wenyeji wao. Mwaka 1996 watu wa Uvira na Fizi walipanda mitumbwi kuvuka kwenda Kigoma, wakapelekwa Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu. Mwaka 2015 Warundi walikuja tena, wakapewa mahali Lusenda. Februari 2025, baada ya Bukavu kutekwa, makumi ya maelfu ya watu wetu walivuka Ruzizi kwenda Burundi, wengi wakilala kwanza Rugombo. Aliye mwenyeji leo ni mkimbizi kesho. Anayemfungia mgeni mlango ajue kwamba siku moja atabisha mlango huo huo toka nje.

Sheria ya leo

Baada ya mapatano ya amani ilitungwa sheria ya tarehe 12 Novemba 2004, nayo katiba ya 2006 imeifuata. Sheria hiyo yasema kwamba Mkongo wa asili ni kila mtu wa makundi ya kabila ambayo watu wake na nchi yake ndivyo vilivyokuwa Kongo wakati wa uhuru. Mstari basi umeletwa mpaka mwaka 1960. Mtoto hupata uraia kwa baba au kwa mama. Mtoto mchanga aliyeokotwa, wazazi wasijulikane, huhesabiwa kuwa Mkongo. Mgeni aliyekaa miaka 7 aweza kuomba uraia kwa masharti, na mojawapo ni kwamba ajue kusema lugha mojawapo ya Kongo. Cheti cha uraia hutolewa na Waziri wa Sheria.

Neno moja lataka uangalifu. Uraia wa Kongo ni mmoja, hauchanganyiki na mwingine. Anayepokea uraia wa nchi nyingine hupoteza wa Kongo, ingawa sheria imeweka njia ya kuurudisha. Wengi walio ng'ambo hawalijui jambo hili, nao wazazi wao huku hawalijui. Ni shauri la kuamua macho wazi, kabla ya kuapa.

Kadiri ya sheria ya jamaa iliyorekebishwa mwaka 2016, mtoto aandikishwe kwa serikali ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Zikipita, yabidi kwenda mahakamani kupata hukumu ya kushika mahali pa cheti. Siku 90 ni nyingi kwa aliye karibu na ofisi. Kwa mama wa Itombwe, ashukaye milima kwa miguu katika nchi yenye vita, si nyingi. Tena hati hupotea. Mafuriko ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipoingia katika mitaa ya Uvira, yalichukua watu na nyumba, na pamoja nazo masanduku ya karatasi za miaka mingi.

Wakili ni nani, na amwendee nani maskini

Mpaka uhuru watu wetu hawakuwa na desturi ya wakili. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 tu, na wasomi wa sheria wa kwanza wa Kongo walihitimu baada ya uhuru. Hata leo wengi hudhani wakili ni wa matajiri, au ni wa wezi. Sivyo. Wakili ni mtu aliyesoma sheria, akaapa, akaandikwa katika chama cha mawakili, naye aweza kuadhibiwa na chama hicho akimwonea mteja. Amri ya mwaka 1979 iliyopanga kazi yao imeweka pia ofisi ya mashauri ya bure katika kila chama cha mawakili, kwa ajili ya wasio na uwezo. Basi maskini aiulizie ofisi hiyo kwa jina. Aweza pia kuanzia kwa Tume ya Haki na Amani ya jimbo lake, apate kuelekezwa. Na aliye mkimbizi katika Kongo anayo sheria yake ya mwaka 2002 na Tume ya Taifa ya Wakimbizi.

Wakili mwema hujulikana kwa matendo yake. Huuliza maswali mengi kabla ya kutaja bei. Hutoa risiti. Hakuahidi ushindi, kwani uamuzi si wake. Hukuambia ukweli hata usipoupenda, kwa mfano kwamba ombi lako halina njia. Hakuagizi kusema uwongo wala hakuwekei sahihi karatasi tupu. Yule asemaye kwamba ana jamaa ubalozini na kwamba viza ni lazima itoke wiki ijayo, huyo mkimbie. Wengi wameuza ng'ombe na mashamba kwa ajili ya ahadi za namna hii, wakabaki bila ng'ombe na bila viza.

Habari za Nyarugusu na Marekani

Tanzania imetuonyesha jambo la kufikiriwa. Warundi waliokimbilia huko mwaka 1972 walikaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakalima, wakalipa kodi, wakazaa. Serikali ya Tanzania ilikubali kuwapa uraia watu kama 162,000, na mwaka 2014 Rais Kikwete akaanza kuwakabidhi vyeti. Baada ya miaka 42 daftari ikakubaliana na jembe.

Watu wetu wa Nyarugusu wameiona njia nyingine. Maelfu yao wamepelekwa Marekani, na leo Kiswahili cha ziwa letu chasikika katika miji ambayo wazee hawakuisikia kwa jina. Huko nako sheria ni ndefu. Mkimbizi huomba ukaaji wa kudumu baada ya mwaka 1. Kwa kawaida baada ya miaka 5 tangu kuingia aweza kuomba uraia, akijaribiwa Kiingereza na habari za nchi. Akitaka kumwita mke, au mume, au mtoto asiyeoa wa chini ya miaka 21, yampasa kupeleka ombi ndani ya miaka 2 ya kwanza. Wengi huchelewa, si kwa uvivu, bali kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Tena katika mahakama za uhamiaji za Marekani serikali haimlipii mgeni wakili. Maaskofu wa huko waliliona hilo, wakaanzisha mwaka 1988 mtandao wa Kikatoliki wa msaada wa sheria za uhamiaji, uitwao CLINIC. Sheria ya huko huruhusu pia watu waliofundishwa, wasio mawakili, kuwatetea wageni, mradi wawe wamekubaliwa na serikali na wafanye kazi katika shirika lililotambuliwa. Aliye na mtoto huko amwambie: uliza parokiani kwanza, kabla ya kumpa fedha mtu wa njiani.

Liko jambo moja lililowatesa sana jamaa zetu, nalo latoka katika uzuri wa desturi zetu. Kwetu mtoto wa ndugu yangu ni mtoto wangu, na ndugu mdogo wa baba ni baba mdogo. Mkimbizi akiulizwa ana watoto wangapi, atahesabu na yatima wa kaka yake, kwani amewalea. Hasemi uwongo kwa lugha yake. Lakini katika lugha ya sheria ya kigeni amesema uwongo, na kipimo cha DNA chaweza kumshtaki. Mwaka 2008 Marekani ilisimamisha mpango mmoja wa kuunganisha jamaa za wakimbizi wa Afrika, baada ya vipimo vilivyoanzia Nairobi kuonyesha kwamba jamaa nyingi hazikuwa za damu kama zilivyoandikwa. Walikuwamo wadanganyifu, ndiyo. Lakini twaamini walikuwamo pia walezi wa yatima. Hapa ndipo wakili anapofaa: kabla ya kuandika neno “mtoto” humwuliza mtu, “Ulimzaa, au ulimlea?” Kisha huandika ukweli wote, na kutafuta hukumu au hati ya malezi.

Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Jamaa waliokwisha kupimwa afya na kuuza vyombo vyao walirudi kusubiri kambini. Tujifunze hapo kwamba viza si sakramenti. Anayetoa aweza kuzuia. Asiweke mtu tumaini lake lote juu yake, wala asiache kulima shamba lake akingojea ndege.

Daftari ya ubatizo

Sasa twataka kusema na makatekista wenzetu. Mtaguso wa Trento mwaka 1563 uliamuru daftari za ubatizo na ndoa, na toka wakati huo Kanisa limeandika majina ya wadogo kwa wakubwa. Katika nchi ambapo daftari za serikali zimechomwa au zimechukuliwa na maji, daftari ya parokia mara nyingi ndiyo shahidi wa pekee kwamba fulani alizaliwa, kwa baba fulani na mama fulani, mahali fulani. Si hati ya uraia. Lakini mbele ya hakimu ni ushahidi, na wakili hufurahi akiupata.

Kwa hiyo majaribu yatakuja. Huyu ataomba mwaka wa kuzaliwa upunguzwe, mtoto apate kuwa chini ya miaka 21. Yule ataomba jina la baba libadilishwe. Atakuja na machozi ya kweli, na pengine na zawadi. Jibu letu liwe hapana, tena hapana yenye upole. Si kwa kuogopa sheria tu. Daftari ikiisha kujulikana kuwa husema uwongo kwa mmoja, haitasadikiwa kwa yeyote, na yule mjane asiye na shahidi mwingine duniani atakuwa amenyang'anywa shahidi wake. Anayefuta mstari mmoja amefuta kitabu kizima.

Na upande wa pili, tusimnyime mtu maandishi yake kwa sababu ya kabila lake. Sikilizeni, ndugu: kumficha mtu jina lake lililoandikwa siku ya ubatizo wake ni kumwibia. Mkristu asiyempenda jirani yake ampe walau haki yake, mapendo yatafuata.

Mfano wa Mtume Paulo

Kama mtu asema kwamba mambo ya hati na mawakili hayapatani na imani, asome Matendo ya Mitume, sura ya 22 na ya 25. Paulo alipofungwa Yerusalemu ili apigwe mijeledi, alisema kwamba ni raia wa Roma. Jemadari akaogopa, maana yeye mwenyewe aliununua uraia wake kwa fedha nyingi, bali Paulo alizaliwa nao. Kisha mbele ya Festo Mtume akakata rufani kwa Kaisari. Mtu yule aliyekuwa tayari kufa kwa ajili ya Kristu hakuona haya kuitumia sheria. Alijua kwamba kuteseka kwa ajili ya Injili ni fadhila, lakini kuonewa kwa kutojua haki si fadhila.

Kanisa limefuata njia hiyo. Baba Mtakatifu Pius XII, katika barua yake Exsul Familia ya tarehe 1 Agosti 1952, aliiweka Familia Takatifu iliyokimbilia Misri kuwa mfano wa wakimbizi wote. Yohane XXIII, katika Pacem in Terris ya mwaka 1963, alitaja haki ya mtu ya kuhama na kukaa. Na Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948 lasema kwamba kila mtu ana haki ya kuwa na uraia.

Tarehe 18 Agosti 2024 hapa Uvira walitangazwa wenye heri mashahidi wanne waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964. Watatu walikuwa Wasaveri kutoka Italia: Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin. Wa nne, Padre Albert Joubert, alizaliwa ukingoni mwa ziwa hili kwa baba Mfaransa na mama Mwafrika. Siku ile uwanja mzima uliwaita watu wetu, na hakuna aliyesema mmoja wao alikuwa mgeni.

Basi, msomaji, usingoje mpaka hati itafutwe kwa haraka, kwani haraka haraka haina baraka. Juma hili fungua sanduku lako. Tazama kama watoto wote wameandikishwa, na asiyeandikishwa mpeleke kabla siku 90 hazijapita. Piga nakala za vyeti, ukaziweke mahali pawili, moja mbali na maji. Andika majina ya babu na bibi, na vijiji vyao, wazee wangali hai wa kuulizwa. Na kama jirani yako wa kabila jingine akihitaji shahidi mahakamani kwamba mlikua pamoja, inuka uende naye, ukaseme unalolijua.